Nani Atakutilia Saini?

Wino wa gudi kondakti hautoki siku hiyo hiyo. Unanawa kwa sabuni ya mche, unasugua, lakini kwenye kingo za kucha unabaki. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Cucu, Njoro, Jumamosi moja, siku moja tu baada ya kupiga foleni Huduma Centre. Kabla hajaniuliza kama nimekula, alishika mikono yangu akaigeuza.

"Ulishikwa na polisi?"

Nikamweleza. Nataka kwenda kuishi Ulaya mwaka mmoja. Sitafuti kazi huko, kazi ninayo, iko kwa laptopu. Siku hizi kuna viza ya watu kama mimi, wale wanaoitwa wahamaji wa kidijitali, na kati ya makaratasi wanayotaka ni cheti cha polisi kusema mimi si mhalifu. Cheti hicho hakitoki bila vidole kumi. Cucu akanisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwa viazi vyake alivyokuwa akimenya, akasema:

"Kumbe wamerudisha kipande."

Nilicheka. Kwa sisi wa leo kipande ni kitambulisho tu. "Toa kipande" ni maneno ya askari anapokukuta usiku ukitoka stejini. Lakini yeye alimaanisha kile chenyewe, alichovaa babake shingoni, na nilipoona hacheki nikanyamaza. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikwisha, na somo nililoacha ni historia. Kwa hiyo nilijua kipande kama jibu la mtihani, alama nne. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kuna mtu nyumbani kwetu aliyekivaa.

Sheria yenyewe ilipitishwa 1915. Vita vya Kwanza vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919 na kuendelea 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kuandikishwa, apigwe alama za vidole, kisha atembee na karatasi hiyo kila atokapo nje ya eneo alilotengewa na serikali. Karatasi iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma chenye kamba ya kuning'iniza shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, ile kengele wanayofungwa mbuzi ili mchungaji ajue walipo.

Walimu wetu walituambia kipande kilikuwa kitambulisho. Si uongo, ila wameacha sehemu yenye uchungu. Kilikuwa rekodi ya kazi. Mwajiri aliandika humo tarehe aliyokuajiri, mshahara wako, na siku ukiondoka atie saini kwamba amekuachilia. Bila saini hiyo, mwajiri mwingine hakuruhusiwa kukuchukua, na wewe ukihesabiwa mtoro, jambo ambalo lilikuwa kosa la jinai. Fikiria hapo kidogo. Kuacha kazi, kitu ambacho leo ungefanya kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp, kilikuwa kinakupeleka mbele ya hakimu. Na kwa kuwa mwajiri aliweza pia kuandika maoni yake juu yako, neno moja baya lilitosha kukufungia milango ya mashamba yote jirani.

Babake Cucu alifanya kazi katika shamba moja la maziwa huku Bonde la Ufa. Mkewe alipougua aliomba ruhusa akanyimwa, akaondoka. Mwenye shamba hakutia saini. Walimkamata njiani, akatozwa faini ambayo alikopa kwa nduguye, na faini ikalipwa kwa mbuzi wawili. Cucu anaisimulia bila hasira yoyote, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka fulani. Kinachomkera hasa ni kile kikebe. Anasema babake alipolala usiku kilikuwa kikigonga ubao wa kitanda, na wao watoto walijua baba amegeuka upande gani.

Sasa, kitu ambacho sikufundishwa, nikaja kukisoma mwenyewe nikiwa tayari nimeacha chuo: Oktoba 1920, kipande kikiwa bado kipya kwenye shingo za watu huku, wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Paris chini ya Ushirika wa Mataifa kuzungumzia pasipoti. Kabla ya Vita vya Kwanza watu wengi walivuka mipaka ya Ulaya bila kuulizwa kijitabu chochote. Vita vilileta ukaguzi, na amani ilipokuja ukaguzi haukuondoka. Mkutano ule ukapendekeza kijitabu cha namna moja kwa nchi zote, chenye kurasa 32. Pasipoti yangu ina kurasa 34 na kufikia leo zote ni nyeupe, lakini ukoo wake unaanzia kwenye chumba kile.

Kwa hiyo vitu hivi viwili vilianza kufanya kazi karibu wakati mmoja. Pasipoti ilikusudiwa, angalau kwa maneno, kumsaidia msafiri avuke. Kipande kilikusudiwa kumshika mfanyakazi akae. Na 1920 ndio mwaka ambao nchi hii iligeuzwa rasmi kuwa Koloni la Kenya. Babake Cucu alikuwa ndani ya himaya iliyotoa pasipoti zilizosifiwa dunia nzima, na hakuweza kwenda kumwona mke mgonjwa.

Watu hawakukaa kimya, hilo lazima lisemwe. Harry Thuku, opereta wa simu katika Hazina ya serikali, alianza kuhutubia mikutano 1921 dhidi ya kodi, dhidi ya kupunguzwa mishahara, na dhidi ya kipande. Napenda sana hiyo habari ya simu. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha sauti za wakubwa kwa waya ndiye aliyeamua kupaza yake. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, pale tunapopita leo karibu na Chuo Kikuu. Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake akawaambia wanaume wampe suruali zao kama wanaogopa. Askari walipiga risasi, na inasemekana hata Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk walifyatua. Zaidi ya watu 20 walikufa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Thuku akapelekwa Kismayu. Kipande kikabaki shingoni miaka mingine zaidi ya 20.

Lakini miaka hiyohiyo palikuwa na wageni hapa waliokuja kukaa muda mrefu, na karatasi zao zilikuwa za aina nyingine kabisa. Sheria ya ardhi ya 1915 ilirefusha mikataba ya mashamba ya walowezi kutoka miaka 99 hadi 999. Ukisikia mtu anasifu viza ya miaka mitano, mkumbushe hiyo. Mwaka 1919 serikali ikawagawia wanajeshi Wazungu waliomaliza vita mashamba ya nyanda za juu kwa bahati nasibu, kura zikavutwa Nairobi na London. Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyohivyo, wale wa Kariakoo, hawakuwekwa kwenye kapu la kura. Wao walikuta kipande kinawangoja.

Sehemu ninayoipenda zaidi (kupenda si neno zuri, lakini basi) ni ya 1947. Mwaka huo ulitungwa usajili wa watu wa rangi zote, ili ubaguzi wa kipande uonekane umekwisha. Ikimaanisha Wazungu nao wapigwe alama za vidole. Walowezi wakawaka! Mikutano ikaitishwa: kupigwa vidole ni aibu, ni jambo la wahalifu. Kwa karibu miaka 30 vidole vya Mwafrika vilikuwa utaratibu wa ofisi tu. Viliposogea kwa Mzungu vikawa tusi. Serikali ikaunda tume, na mwishowe ikalegeza kamba. Aliyeweza kujaza fomu kwa Kiingereza aliruhusiwa kuweka picha na saini badala ya vidole. Wanawake wa Kiafrika wao hawakuwa hata kwenye hesabu. Cucu alipata kitambulisho chake baada ya sheria kubadilishwa 1978, akiwa na miaka 40. Alipigwa vidole kumi.

Ndiyo maana aliniuliza kama nimeshikwa na polisi.

Ngoja sasa nirudi kwa hawa wahamaji wa kidijitali, maana kuna watu wanadhani walianza na korona. Jina lilikuwepo tangu 1997, katika kitabu cha Tsugio Makimoto, mhandisi wa Hitachi, na David Manners, Mwingereza mwandishi wa habari. Walitabiri kwamba vyombo vya mawasiliano vitakuwa vidogo na rahisi kiasi kwamba mtu ataulizwa kama bado ana haja ya kuishi mahali pamoja. Watu wenyewe ni wa zamani kuliko jina. Ibn Battuta, aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, alikuwa na ujuzi wa sheria ya Kiislamu, na ujuzi huo ulimpa kazi ya ukadhi Delhi na baadaye visiwa vya Maldivi. Popote palipokuwa na Uislamu palikuwa na ofisi yake. Mabaharia wa Hadhramaut, Omani na Gujarati walishuka na kaskazi, wakakaa Lamu na Mombasa miezi, wakauza na kununua, wengine wakaoa, kisha kusi ikawarudisha. Sitaki kuifanya bahari ile ionekane kama pepo. Ilibeba watumwa pia, ambao hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi. Ila muda wa kukaa ulipangwa na upepo, na upepo hauulizi taarifa ya benki.

Mwaka 2009 waya wa intaneti wa TEAMS ulivutwa chini ya bahari kutoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu, hadi Mombasa. Njia ya majahazi kabisa. Mimi nilikuwa shule ya msingi, na sikujua kwamba kitu kile kilichotua pale ndicho kitanilisha. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Baada yake mtu angekaa Kahawa West na bando lake akafanya kazi ya Chicago. Na tukafanya. Tukaandika insha za wanafunzi wa Ulaya na Marekani waliokuwa wamelala, tukanukuu sauti kuwa maandishi, tukachorea mashine mipaka ya picha ili zijue mti ni upi na mtoto ni yupi. Serikali ikaona, 2016 ikaanzisha mpango wa Ajira Digital kufundisha vijana kazi hizi. Kazi ilivuka mpaka kila siku bila viza. Sisi tulibaki hapa.

Halafu 2020 ikaja, mipaka ikafungwa, hoteli zikakauka, na nchi zilizoishi kwa utalii zikaanza kutafuta mgeni ambaye hatachukua kazi ya mwenyeji lakini ataacha pesa yake dukani. Barbados ilifungua Julai mwaka huo: mwaka mmoja, ada ya dola 2,000, na uthibitishe mapato ya dola 50,000 kwa mwaka. Estonia ikafuata Agosti, ikitaka yuro 3,504 kwa mwezi. Ureno ikaleta yake Oktoba 2022, kipimo kikiwa mara nne ya kima cha chini cha mshahara wao. Thailandi ikaja 2024 na viza ya miaka mitano kwa mwenye akiba ya bati 500,000. Namibia nayo imo, wanataka dola 2,000 kwa mwezi.

Najua takwimu hizi kwa sababu nimeziandika. Klaenti wangu mkubwa ni kampuni ya Marekani inayouza makala kwa tovuti nyingine, na kwa miaka miwili nimewaandikia makala kumi na mbili juu ya viza hizi. Zinatoka na picha ya mwanamume mwenye ndevu nyekundu anayedaiwa kuziandika akiwa ufukweni. Nimemwandikia hata habari za kuchomwa na jua mabegani. Sijawahi kuvuka Namanga.

Kati ya zote, iliyonikaba ni ya Cape Verde. Desemba 2020 walizindua mpango wao: uwe na wastani wa yuro 1,500 benki kwa miezi sita. Nikasema hii hapa, tena ni Afrika, tena pesa hizo nazifikia. Nikasoma mstari wa pili. Mpango ni wa raia wa Ulaya, Amerika Kaskazini, nchi zinazozungumza Kireno, na jumuiya ya Afrika Magharibi. Mkenya hayumo. Nilimaliza makala nikaituma, kwa sababu ndevu nyekundu yeye anaruhusiwa.

Na Kenya? Oktoba 2024 Rais Ruto alitangaza kibali chetu wenyewe cha wahamaji wa kidijitali, na kikaingizwa kwenye orodha ya vibali kama daraja N. Masharti yake ukiyasoma utayatambua: uwe na kazi, lakini kazi iwe ya nje, mapato yatoke nje ya Kenya, usiajiriwe hapa. Sina ugomvi nacho. Diani na Watamu wanahitaji wageni, na mwenye nyumba ya kupangisha Lamu ana watoto wa kusomesha. Ila mgeni wa daraja N na mimi tunaweza kuketi mgahawa mmoja, waifai moja, tukifanya kazi ya kampuni moja, na yeye ndiye mhamaji wa kidijitali. Mimi naitwa kijana asiye na ajira. Juzi afisa wa benki aliniuliza kazi yangu ili ajaze fomu, nikamweleza dakika tano nzima, akaandika "biashara ndogo".

Turudi kwa karatasi zangu. Nchi niliyoichagua sitaitaja, sijajua watanitendeaje. Miezi sita ya mapato nimeipiga hesabu na nafika kwenye kiwango chao, kwa kunyata. Bima ya afya nimepata. Mahali pa kukaa nimepata, chumba kwa mama mmoja anayependa paka. Gudi kondakti imetoka, haina doa. Kilichobaki ni kimoja: barua ya mwajiri au klaenti, yenye saini, iseme kwamba ananijua, tumefanya kazi pamoja kwa muda gani, ananilipa kiasi gani, na kwamba anakubali nifanye kazi hiyo nikiwa nchi nyingine.

Niliisoma orodha hiyo kwa Cucu, nikitafsiri, tukiwa jikoni. Tarehe ya kuajiriwa. Mshahara. Ruhusa ya kuondoka. Saini. Hakusema kitu, aliendelea kukoroga. Najua si sawasawa. Mimi nimeomba mwenyewe, hakuna aliyeninyonga kwa kamba, nikikosa nitarudi Kahawa West kwa godoro langu na hakuna hakimu atakayeniita. Babake angecheka kusikia nalinganisha. Lakini ile nafasi ya saini kwenye karatasi iko palepale ilipokuwa, na kalamu iko kwa mtu yuleyule.

Nilimwandikia klaenti Machi. Msimamizi wangu, tuseme, ni mtu mpole, hunitumia vikaragosi vya kucheka. Alijibu baada ya siku tisa. Kampuni haitoi barua kwa watu wasio waajiriwa, mawakili hawataki, kwa sababu ikiandika kwamba ananijua kwa miaka minne itaonekana kana kwamba aliniajiri. Alisikitika sana. Aliniuliza kama ninaweza kuongeza makala mbili wiki hiyo.

Nimejaribu kwingine. Klaenti wa pili ni Mkenya mwenzangu anayechukua kazi kwa akaunti yake na kutugawia, yeye hata jina lake halisi silijui vizuri. Wa tatu ananilipa vizuri ila aliniuliza kwa nini nataka kuhama, kama kazi itachelewa. Nimemjibu kwa barua ndefu kuliko makala yoyote niliyowahi kumwandikia, nikimhesabia tofauti ya saa kati ya huko na kwake, nikimwonyesha kwamba nitakuwa karibu naye zaidi kuliko nilivyo sasa. Anasema atazungumza na mwenzake.

Ubalozi haupokei cheti cha polisi kilichozidi miezi mitatu. Changu kitafikisha tarehe hiyo wiki ya pili ya mwezi ujao, na kikifika nitarudi Huduma Centre kupigwa vidole tena. Cucu hupiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Zamani alikuwa akianza na hali ya hewa, kisha bei ya viazi, kisha binamu zangu. Siku hizi anaanza moja kwa moja:

"Ametia saini?"

"Bado, Cucu."

"Na ulimwambia hutatoroka?"